Kwa Nini Miaka Hukimbia Kadiri Umri Unavyosonga?

Mwaka una siku 365 kwa mtoto na kwa babu yake vilevile. Lakini waulize mwaka uliopita ulikwendaje: mtoto atasema ulichelewa mno kwisha, babu atasema hata hakuuona ulipopita.

Mwaka 1877 mwanafalsafa Mfaransa Paul Janet alitoa jibu la kihesabu. Alisema kila mwaka tunaupima kwa maisha tuliyokwisha kuishi. Kwa mtoto wa miaka 5, mwaka mmoja ni asilimia 20 ya umri wake wote. Kwa mtu wa miaka 50 ni asilimia 2 tu. Hesabu inavutia, ila mimi hainitoshelezi. Haielezi kwa nini mtu wa makamo akihamia mji mgeni, miezi yake ya mwanzo huko huwa mirefu kama ya ujanani.

Mwanasaikolojia Mmarekani William James, mwaka 1890, alilikaribia zaidi jambo lenyewe. Aliona kwamba miaka hufupika kwa sababu kumbukumbu zake zinafanana. Utotoni karibu kila kitu ni cha mara ya kwanza: kuogelea, shule, rafiki, msiba. Ubongo huyahifadhi mapya kwa undani. Ukubwani njia ya kwenda kazini ni ileile, na safari mia mbili hukaa kichwani kama safari moja. Ukigeuka kutazama nyuma unakuta machache ya kushika, basi unadhani muda uliopita ni mfupi.

Ushahidi ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ulitoka pangoni. Tarehe 16 Julai 1962, Mfaransa Michel Siffre, kijana wa miaka 23, alishuka ndani ya pango milimani Alps, akaishi humo peke yake bila saa wala mwanga wa jua. Alipoambiwa muda umetimia ilikuwa tarehe 14 Septemba. Yeye alikuwa amehesabu 20 Agosti! Siku 25 nzima zilimpotea, na wala hakuwa mzee. Giza lilelile na kazi zilezile hazikumwachia alama za kutofautisha jana na juzi.

Hapo ndipo fumbo linapofunguka. Siku isiyo na jipya huburuta miguu wakati unaiishi, kisha ukiikumbuka huikuti. Siku ya safari hukimbia ukiwa ndani yake, lakini baadaye huonekana ndefu kwa wingi wa ulichokiona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliowahoji watu 499 wa miaka 14 hadi 94 nchini Ujerumani na Austria, ulipata jambo linaloafikiana na hili. Walipoulizwa kuhusu wiki au mwezi uliopita, wazee na vijana hawakutofautiana sana. Tofauti ilijitokeza walipoulizwa kuhusu miaka 10 iliyopita, muda ambao hakuna awezaye kuupima ila kwa kumbukumbu.