Buibui mrukaji wa Everest: yanayosemwa na yaliyo kweli

Katika miteremko ya Himalaya, juu ya mahali nyasi zinapokoma kuota, anaishi buibui mrukaji mwenye urefu wa milimita chache tu. Ameonekana hadi kimo cha mita 6,700, yaani mita 800 hivi kupita kilele cha Kilimanjaro. Wanasayansi humwita Euophrys omnisuperstes. Waliowahi kumwona kwa macho ni wachache, na labda ndiyo maana amezushiwa mengi.

"Huko juu hakuna chakula, kwa hiyo wanakulana wenyewe kwa wenyewe."

Dhana hii ni kongwe, na haikuanzia kijiweni. R. W. G. Hingston, daktari na mtafiti wa viumbe katika msafara wa Waingereza wa mwaka 1924, aliwakuta buibui hawa kwenye mawe matupu. Alitazama huku na huku, hakuona mmea wala kiumbe kingine, akaona hawana budi kulana.

Lakini hesabu hiyo haitimii. Buibui wakilana bila chakula kingine kuingia kutoka nje, kila kizazi kitapungua mpaka waishe. Jibu lilikuja miaka ya 1950, kupitia kazi ya Mmarekani Lawrence Swan. Chini ya mawe hayohayo kulikuwa na vijidudu vidogo visivyo na mabawa, vile vinavyojifyatua kwa kimkia kilichokunjwa chini ya tumbo, na kulikuwa na nzi pia. Hao ndio windo la buibui.

Na vijidudu vinakula nini mahali pasipo jani? Vinaletewa na upepo. Unapopanda kutoka mabondeni na kwenye nyanda za majani, upepo hubeba chavua, mbegu, vipande vya majani makavu na mizoga ya wadudu, kisha huvitupa katika nyufa za mawe. Humo kuvu humea, vijidudu hula, na buibui huvila vijidudu. Kwa hiyo chakula cha buibui huyu kimeanzia kwenye mmea ulioota mbali sana chini yake. Kwangu mimi, ugunduzi huu unapita rekodi yoyote ya kimo, kwa sababu unaonyesha kwamba hata jiwe tupu la mlimani linategemea nyasi za bondeni.

"Ndiye mnyama anayeishi juu kuliko wote duniani."

Sifa hiyo amepewa kwa miaka mingi, lakini sasa haiwezi kutamkwa bila kusita. Mwaka 2020 watafiti walimnasa panya akiwa hai juu ya kilele cha Llullaillaco, mpakani mwa Chile na Argentina, kwenye mita 6,739.

"Anaishi kwenye theluji."

Hapana. Makazi yake ni mawe na changarawe zisizofunikwa na theluji. Jua linapowaka, uso wa jiwe hupata joto kuliko hewa inayoupitia, naye huwinda. Baridi ikizidi, hujificha chini ya mawe.

"Buibui ni lazima atege utando."

Jamii ya buibui warukao ina spishi zaidi ya 6,000, na karibu zote huwinda kwa macho. Mtazame mmoja kwa karibu, hata yule wa ukutani kwako: ana macho manane, mawili ya mbele yakiwa makubwa kupita mengine. Yale ya pembeni humshtua kitu kinapotikisika. Hapo hugeuka, akakikazia yale makubwa. Lenzi hazisogei, ila ndani yake kuna mirija inayozunguka, kwa hiyo anaweza kukuchunguza bila kutikisa kichwa. Uzi anao pia. Kabla ya kuruka huubandika alipo, akikosa windo unamzuia asianguke. Vilevile hufuma kijumba cha kulala na kutagia mayai.

"Anaruka kwa nguvu za misuli ya miguu, kama panzi."

Misuli ya buibui hukunja miguu, lakini kuna viungo ambavyo havina kabisa msuli wa kuvinyoosha. Badala yake, hukaza sehemu ya mbele ya mwili, majimaji ya damu yakasukumwa miguuni, na miguu ikafyatuka. Ndiyo maana buibui aliyekufa hukutwa miguu imejikunja tumboni: msukumo umekwisha.

"Ana sumu, muue."

Sumu anayo, kama karibu buibui wote, lakini ni ya kulemaza wadudu. Buibui warukao hawahesabiwi miongoni mwa buibui hatari kwa binadamu. Inauma kuona wanavyopondwa kwa kandambili, maana kando ya Ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, yupo ndugu yao ambaye windo analolipenda ni mbu jike aliyetoka kunyonya damu. Jina lake Evarcha culicivora, na hukaa mara nyingi ndani ya nyumba za watu au karibu nazo. Humtambua mbu aliyeshiba kwa kumwona na hata kwa harufu, na katika majaribio alivutwa na harufu ya soksi iliyovaliwa na mtu kuliko ile isiyovaliwa. Palipo na mtu, mbu wa namna hiyo hawako mbali.