Homoni kuvurugika si jina la ugonjwa

"Homoni zimevurugika" siku hizi ndiyo jibu la kila kitu. Hedhi imepotea, ni homoni. Mwanaume hana hamu ya tendo, ni homoni. Na hapohapo anatokea mtu na chupa yake, eti dawa "inabalansi homoni". Mimi naishi na uvimbe kwenye tezi ya pituitari. Maneno haya nayasikia saluni, kwenye daladala na kwenye magrupu ya WhatsApp, na yananiuma, maana wapo wanaomaliza chupa hizo huku macho yao yanazidi kufifia.

Kwa ufupi: homoni ni kemikali inayotengenezwa na tezi, ikaingia kwenye damu na kwenda kufanya kazi mbali na ilikotoka. Pituitari ni tezi ya ukubwa wa punje ya njegere, imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, nayo huziamuru tezi ya shingo, tezi zilizo juu ya figo, ovari na korodani. Uvimbe unaoota humo mara nyingi ni adenoma, na karibu zote si saratani. Ukiwa chini ya milimita 10 huitwa mdogo, kuanzia hapo ni mkubwa.

Sasa hilo neno "kuvurugika". Linaficha mambo mawili ambayo daktari hawezi kuanza tiba bila kuyajua: ni homoni ipi, na je, imezidi au imepungua? Mtu ambaye uvimbe wake unamwaga homoni ya ukuaji, viganja na nyayo hupanuka, pete haipiti tena kidoleni, taya linasogea mbele. Ambaye uvimbe wake unazidisha ACTH, homoni inayoziamuru tezi za juu ya figo, kotisoli inayotolewa na tezi hizo hupanda, uso unakuwa wa mviringo, ngozi inachubuka ovyo, sukari na presha vinapanda. Yupo na wa tatu, ambaye uvimbe wake haumwagi chochote ila umekuwa mkubwa hadi ukaibana tezi, kotisoli yake ikashuka, akawa hoi. Huyu anahitaji haidrokotisoni, dawa inayoshika nafasi ya kotisoli, kila siku, akishikwa na homa dozi huongezwa, na akiiacha ghafla anaweza kupoteza maisha. Dawa hiyohiyo ukimpa yule wa pili ambaye hajatibiwa, unamzidishia ugonjwa. Mtaani wote watatu "homoni zimevurugika". Ni chupa gani itakayompandishia mmoja na kumshushia mwingine?

Tena mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili. Uvimbe wangu unatengeneza prolaktini, homoni ya maziwa. Prolaktini ilipopanda ilizizima homoni zinazoendesha hedhi, kwa hiyo moja ilikuwa juu na nyingine chini kwa sababu ileile. Matiti yalitoa maziwa na sina mtoto mchanga. Wapo walionong'ona kwamba nimetoa mimba, na shangazi alitaka nipelekwe kwa mganga. Hakuna aliyewaza kwamba chanzo kiko nyuma ya pua. Tiba ya uvimbe wa aina hii kwa kawaida huanza na vidonge, si upasuaji. Kabagolini humezwa mara moja au mbili kwa wiki, inashusha prolaktini na mara nyingi inausinyaza uvimbe wenyewe. Ubongo huizuia prolaktini kwa kemikali iitwayo dopamini, na kidonge hiki kinafanya kazi hiyo ya dopamini.

Lipo na kosa la upande wa pili, la kuona prolaktini imepanda kwenye karatasi na kuamua papo hapo kwamba ni uvimbe. Mimba huipandisha, kunyonyesha huipandisha. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, risperidoni na haloperidoli za maradhi ya akili, tezi ya shingo iliyozembea, figo zilizoshindwa, vyote huipandisha, na hata hofu ya sindano huisogeza kidogo. Nje ya ujauzito, ikipita nanogramu 200 kwa mililita ndipo shaka ya uvimbe wa prolaktini inakuwa kubwa. Na soma kipimio! Nimemwona dada akitetemeka kwenye benchi la maabara kwa sababu karatasi yake ilisema 400, na alishasikia kwamba 200 ni uvimbe. Yake ilikuwa imeandikwa kwa mIU/L, ambayo ni kama 19 tu kwa nanogramu. Alikuwa mzima.

Hata "homoni zako ziko sawa" inaweza kupotosha. Tezi ya shingo ikilegea, TSH, homoni inayoiamuru, kwa kawaida hupanda, na wengi hupimwa hiyo peke yake. Lakini TSH inatoka pituitari. Pituitari ikiwa ndiyo mgonjwa, TSH inaweza kusomeka vizuri kabisa huku T4, homoni ya tezi ya shingo yenyewe, iko chini na mtu anasikia baridi, anavimbiwa, hawezi kuamka.

Macho nayo yana mtego wake. Uvimbe ukipanda juu unakutana na mishipa ya macho pale inapopishana, na kinachopotea kwanza ni uwezo wa kuona pembeni. Mtu anagonga fremu ya mlango, haioni bodaboda inayotokea ubavuni, lakini akisimamishwa mbele ya herufi za ukutani anazisoma zote. Ataambiwa macho ni mazima. Aombe kupimwa upana wa kuona.

Kwa hiyo ukiambiwa homoni zako zimevurugika, usigombane na aliyesema, huenda anakutakia mema. Muulize kwa upole: ni ipi, iko juu au chini, na inaamriwa na tezi gani? Akikosa jibu, bado hujapimwa, na hiyo chupa inaweza kusubiri.