Shujaa wa kike peke yake hafundishi usawa

Wengi hudhani ukiwaonyesha wanafunzi filamu yenye mwanamke jasiri, somo la usawa wa kijinsia limeingia. Haliingii hivyo. Shujaa asiye na doa, mtazamaji humwona yuko mbali naye mno. Miguel Sabido, aliyetunga tamthilia za televisheni huko Meksiko miaka ya 1970, alipanga wahusika wa aina tatu: mwema, mbaya, na anayeyumba kati yao. Huyu wa tatu ndiye mwalimu, maana anakosea, anaumia, anabadilika polepole.

Darasani, chagua kipande cha dakika 5 hadi 8. Simamisha, kwa mfano, pale mume anapoagiza chai na mke anainuka, kalamu bado mkononi. Uliza: nani ameamua? Kisha kirudieni bila sauti. Ukionyesha filamu nzima, kengele italia kabla ya mjadala, na mjadala ndio somo lenyewe.