Moduli ya elektroniki haiongezi nguvu za injini ya zamani

Wengi huamini kwamba ukitoa platini (swichi ndogo inayofunguka na kufunga ili kutoa cheche) na kondensa (kifaa kidogo cha umeme kinachofanya kazi nayo) kwenye injini ndogo ya zamani na kufunga moduli ya elektroniki inayofanya kazi hiyo bila swichi, injini hupata nguvu zaidi. Sivyo. Cheche ikishawasha mchanganyiko wa petroli na hewa kwa wakati wake, kazi yake imeisha.

Faida halisi ni uthabiti. Platini hulika, hushika mafuta na kutu, na pengo lake (milimita 0.5 kwa injini nyingi za kampuni ya Briggs & Stratton) likibadilika, wakati wa cheche nao huhama. Moduli haina kitu cha kulika.

Unapofunga, kata waya wa koili (sehemu inayozalisha umeme wa cheche) unaokwenda kwenye platini. Ukiachwa, platini zitaendelea kuua cheche. Unganisha moduli na waya huo mwembamba wa koili, na upande wa pili wa moduli kwenye bodi ya injini, juu ya chuma kilichopigwa msasa. Koili ikae milimita 0.25 hadi 0.35 kutoka kwenye flaiwili, gurudumu zito la injini lenye sumaku. Cheche isipotoka, baadhi ya moduli hutaka nyaya zigeuzwe, kwa sababu ya mwelekeo wa sumaku.

Kama injini haina nguvu, pima kwanza mgandamizo wa silinda, kisha kagua ufunguo wa flaiwili, yaani kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia mahali pake kwenye shafti.