Kotmiri haioti kwenye glasi ya maji, tuelewane leo

Ndugu zangu mnaopenda kuotesha viungo vya jikoni nyumbani, leo nimeamua kuandika kwa sababu hili swali limenichosha. Hapa kitaluni Gungu anakuja mama kutoka Mwanga, anakuja kijana wa Katubuka mwenye kibanda cha chipsi na mishikaki, anakuja mwalimu kastaafu, na wote habari ni ileile, kanunua fungu la kotmiri sokoni, nusu kaiweka kwenye kachumbari, nusu kaitumbukiza kwenye glasi ya maji dirishani, siku za mwanzo imependeza kweli, baadae maji yananuka, vijiti vimelegea na kugeuka njano, halafu ananiambia "fundi, udongo wa Kigoma haufai kwa kotmiri". Jamani udongo umeingiaje hapo na kotmiri bado iko kwenye glasi?

Kwa hiyo dhana namba moja, ile inayoniumiza kuliko zote: kila jani la kupikia ukilichomeka kwenye maji linatoa mizizi. Si kweli, na hapa nitakaa sana.

Naelewa inakotoka. Sisi huku tumekulia kwenye mihogo na matembele. Unakata pingili ya muhogo, unaichomeka, inashika. Unachukua rando la tembele mvua zikianza unalifukia nusu, baada ya muda unakula mboga. Mtu aliyekua hivyo akiona na mnanaa umetoa mizizi kwenye kikombe anaona basi, ndio tabia ya kila kitu cha kijani. Afu zikaja hizi video fupi za kwenye simu, unaoneshwa glasi yenye kotmiri, picha inakatwa, inarudi ni poti imejaa kotmiri hadi inamwagika. Katikati pale hujaoneshwa kitu, na iliyopo kwenye poti imetoka kwenye mbegu, hakuna njia nyingine ya kupata poti ya namna ile.

Sasa sikiliza tofauti ilipo. Kipande ulichokata kinatoa mizizi kupitia shina, na hasa kwenye vifundo, pale jani linaposhikana na shina, maana pale ndio pana jicho na ndio mmea unapoweza kuanza upya. Rehani, mnanaa, rozimari, muhogo, tembele, zote hizo ukikata unapata shina lenye vifundo. Kotmiri changa haiko hivyo. Shina lake ni fupi mno, limekaa pale chini usawa wa udongo, na kile kirefu cha kijani unachouziwa kwenye fungu sio shina, ni kikonyo cha jani. Kikonyo hakina jicho. Kwenye maji kinakunywa tu na kubaki kibichi kwa siku kadhaa, ni sawa na ua la kwenye chombo cha sebuleni, linapendeza lakini halina safari. Hata kingebahatika kutoa kizizi, hakina sehemu ya kuchipulia jani jipya. Kotmiri ni ukoo mmoja na karoti na paseli, na mimi bado sijaona mtu anapanda karoti kwa kuchomeka jani lake.

"Lakini fundi, mimi nilinunua yenye mizizi yake." Sawa, hiyo ipo, fungu linang'olewa zima shambani na kufungwa na mizizi. Hiyo ukiiwahi ikiwa mbichi ukaifukia kwenye udongo wenye unyevu kivulini inaweza kushika na ikakupa majani machache. Ila kotmiri ina mzizi mmoja mkuu unaoenda chini na haupendi kabisa kusumbuliwa, ukishaing'oa umeushtua, na kotmiri iliyoshtuka inakimbilia maua, inarefuka, majani yanakuwa membamba kama nyuzi na ladha inapungua. Umepata matawi mawili ya kachumbari, baada ya hapo kazi imeisha. Usijenge bustani juu ya kitu hicho.

Njia ya kweli ni rahisi kuliko hiyo glasi na inanisikitisha watu wanaipita kila siku dukani. Giligilani nzima, zile punje za mviringo za rangi ya kahawia zinazouzwa kwenye viungo vya pilau, ndio mbegu ya kotmiri. Sio ya kusagwa wala ya kukaangwa, nzima. Chukua ambazo hazijakaa sana dukani. Kila punje moja ndani ina mbegu mbili, kwa hiyo zitandaze kwenye meza upitishe chupa juu yake taratibu hadi zigawanyike nusu nusu, usizisage, unataka kuzigawa tu. Loweka usiku mmoja. Asubuhi panda palepale zitakapoishi, kwenye ndoo iliyotobolewa chini au kwenye tuta, kina cha sentimita moja hivi, funika na udongo laini, mwagilia kwa kunyunyiza. Zinatoka baada ya wiki moja hadi mbili, zingine zinachelewa hadi wiki ya tatu, usichimbue kuangalia. Zikishatoka usihamishe. Narudia, usihamishe, maana kuna watu wanasia kwenye kopo dogo wakidhani watahamisha kama nyanya na nimeshaeleza huo mzizi unavyokasirika.

Giligilani za dukani hazikuuzwa kama mbegu kwa hiyo zingine hazitaota, ndio maana ukipanda panda nyingi kidogo, au kabla ya yote weka chache kwenye kitambaa chenye unyevu uone kama zina uhai. Hilo jaribio halina gharama yoyote.

Na joto. Kotmiri haipendi joto kali na Kigoma mchana wote tunajua. Miezi ya kiangazi kuanzia Juni usiku kunapoa, hapo inakaa vizuri ukiwa na maji ya kumwagilia, ila Septemba na Oktoba jua linapochoma kabla ya mvua hata mkulima mzuri inamkimbilia maua. Ipe jua la asubuhi, kuanzia saa sita iwe kwenye kivuli cha ukuta au cha mwembe. Vuna majani ya nje ukiacha ya katikati, inakuwa tayari kuanzia wiki ya tano hivi. Afu sia nyingine kila baada ya wiki mbili tatu, maana kotmiri ni mmea wa muda mfupi, hauishi na wewe mwaka mzima, na anayekuahidi kichaka cha kotmiri cha kudumu anakudanganya. Ikishatoa maua usikasirike, iache, inakupa giligilani mpya za kupanda tena na za pilau.

Nimemaliza la kotmiri. Paseli ni hivyohivyo, mbegu, na yenyewe inachelewa kuota zaidi, uvumilivu unahitajika. Na kale kakichwa ka karoti mnakokaweka kwenye sahani ya maji, kanatoa majani tu, karoti nyingine haitoki pale.

"Mizizi ikiwa mirefu kwenye glasi ndio mmea unakuwa na nguvu." Hii ni ya watu wa rehani na mnanaa, ambao kwa kweli wamepanda kitu sahihi halafu wanaharibu mwishoni. Rehani unakata kipande cha ncha kama sentimita kumi, unakata chini kidogo ya kifundo, unatoa majani ya chini yote yasiguse maji, na kama ina maua unayakata au unachagua tawi lingine, maana tawi lililoshaingia kwenye maua linashika kwa shida. Maji unabadilisha kila baada ya siku mbili. Glasi inakaa penye mwanga lakini sio juani, jua la mchana kwenye glasi linachemsha mizizi na kuleta ukoga. Wiki moja mbili mizizi imetoka. Ikifika sentimita tatu hadi tano hamishia kwenye udongo, usingoje! Mizizi iliyozaliwa majini imezoea maji, ni laini na inavunjika, kadiri inavyokaa humo ndivyo inavyopata tabu kuzoea udongo, na mle kwenye glasi hamna chakula, kwa hiyo unaona majani yanakuwa madogo na ya njano na mtu anasema "lakini mizizi imejaa". Imejaa ndio, na mmea una njaa. Ukihamisha weka kivulini siku chache na udongo uwe na unyevu, kisha uzoeshe jua kidogo kidogo.

Kingine kwenye rehani, usinunue iliyolala kwenye friji. Rehani ni mtoto wa joto kama ndugu yake kivumbasi anayejiotea huku mabarabarani, baridi ya friji inamuunguza na majani yanapata madoa meusi. Ukiona doa jeusi kwenye pakiti, hiyo pikia siku hiyohiyo na mambo ya kuotesha uyaache.

Rozimari nayo ina watu wake. Wanaletewa tawi na ndugu kutoka Dar kwenye pakiti, wanachomeka kwenye kopo, kila asubuhi na jioni maji, kwa sababu wamesikia kipande kisichokuwa na mizizi lazima kinyweshwe sana. Maji mengi sio huruma kwa rozimari. Asili yake ni pwani za Mediterania, kwenye mawe na kiangazi kikavu, udongo ukilowa muda wote inaoza kuanzia chini na wewe juu unaona bado kijani hadi siku unaivuta inatoka bila mzizi. Chukua ncha laini, sio mti uliokomaa wa kahawia, sentimita kumi hivi, toa majani nusu ya chini, chomeka kwenye mchanga wa mto uliooshwa uliochanganywa na udongo kidogo. Mwagilia, kisha subiri juu pakauke ndio umwagilie tena. Inataka wiki nne hadi nane, na hapa ndio wengi wanashindwa kwa sababu wanaing'oa kuangalia. Iache. Ukiivuta kidogo sana ikakataa, imeshika. Na chomeka matawi matano hata sita, sio moja, maana hata kwangu hayashiki yote.

Mengine haya ni ya haraka.

Mbolea. Hapana, usiweke urea wala DAP kwenye kipande kisicho na mizizi, hakina mdomo wa kulia na chumvi ya mbolea inakiunguza. Samadi mbichi vilevile. Subiri kishike, kitoe majani mapya, ndio uanze na mboji iliyoiva.

Asali. Watu wanachovya vijiti kwenye asali wakiamini inaleta mizizi, na kwa sababu jirani zetu Tabora wanatupa asali nzuri sana basi nayo inamwagwa kwenye kopo. Asali sio homoni ya mizizi. Ukiitia kwenye glasi ya maji umewapikia bakteria uji, na sisimizi watakuja. Tia kwenye chai.

Kuna wanaobeba madumu kutoka Kibirizi kwa sababu eti maji ya ziwa yana rutuba na ya bomba yanaua mizizi. Maji ya bomba hapa mjini yanatoka ziwa hilohilo Tanganyika, yametiwa dawa tu, na dawa ya kiwango cha kunywa haizuii rehani kutoa mizizi. Kinachoua ni kutobadilisha maji. Pumzisha mgongo.

Mkono wa baraka nao. Dada mmoja aliniambia yeye hana mkono wa kupanda tangu azaliwe, kila kitu kinamfia. Nikamuuliza alipanda nini, kotmiri kwenye glasi na majani ya mchaichai. Mikono yake haina tatizo lolote! Mchaichai ni jamii ya nyasi, jicho lake liko pale chini kabisa kwenye kitako cheupe kigumu, wauzaji wengi wa sokoni wanakata juu ya hapo na kufunga majani tu kwa ajili ya chai. Mwambie muuzaji akuachie na kitako, hata kama hakina mizizi, kitako kizima kikikaa kwenye maji ya vidole viwili kinatoa mizizi ndani ya wiki mbili tatu, ukikipanda kitakuwa kichaka na mtaa mzima utakuja kuomba.

Vitunguu majani hivyohivyo, usitupe sehemu nyeupe yenye ndevu, iache kama vidole viwili juu ya mizizi, ifukie kwenye kopo la udongo, unakata majani inarudisha. Kwenye maji pia inarudisha lakini baada ya kukatwa mara mbili tatu inachoka, udongoni ndio inakaa.

Na kwa wanaoanza kabisa anzeni na mnanaa, huo hata usipouangalia unashika, wiki moja mizizi hiyo. Ila usiupande kwenye tuta pamoja na mboga nyingine kwa sababu unatambaa chini ya udongo na utakula nafasi ya mchicha wako wote, upande peke yake kwenye ndoo iliyotobolewa, na ndoo ikae kwenye tofali ili mizizi isipitie kwenye matundu kuingia ardhini.