Kuitoa Forester kwenye otomatiki: klachi ndiyo yenye maneno

Wateja wanaoniletea Subaru Forester SF5 au SG5 (kizazi cha kwanza na cha pili) ya turbo ili niibadili kuwa manyuo, yaani gia za mkono, huwa wameshanunua giaboksi. Bei wamepatana wenyewe Ilala, Dar es Salaam, wamepewa na mkono wa gia juu yake, wanajiona wamemaliza. Swali langu la kwanza ni moja: flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini linalobeba klachi, iko wapi? Mara nyingi haipo, na muuzaji naye hakuulizwa.

Giaboksi ya Subaru inafunga kwenye injini ya EJ, iliyomo kwenye Forester hizi, bila ubishi. Klachi ndiyo inayotusumbua, kwa sababu ni vitu vingi vinavyotegemeana, na kimoja tu kikitoka gari lingine hesabu yote inabadilika.

Kwenye otomatiki, nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini) kuna pleti nyembamba inayoshika toki konveta, kifaa cha mafuta kinachofanya kazi ya klachi. Ukiitoa, flaiwili inakaa kwenye matundu yaleyale manane. Zile boliti za pleti weka pembeni kabisa: ni fupi, na flaiwili ni nene, kwa hiyo zitashika nyuzi chache tu. Tumia boliti za flaiwili, kaza kwa kuvuka upande huu na ule, umalizie na toki renchi kwenye 72 Nm. Angalia pia beringi ya pailoti, inayoshika ncha ya shafti ya giaboksi. Fundi aliyezoea Toyota za kuendesha nyuma huitafuta kwenye krenki. Kwa Subaru imo katikati ya flaiwili. Flaiwili ya mtumba ikija na beringi yake ya zamani, igonge itoke, weka mpya.

Sasa linakuja jambo linalowaponza wengi. Subaru zisizo na turbo zina klachi ya kusukuma: beringi ya klachi inabonyeza vidole vya presha pleti (kifuniko chenye springi kinachobana pleti ya klachi kwenye flaiwili) kuelekea injini. Turbo za gia tano za miaka ya 1990 hadi mwanzoni mwa 2000 zina klachi ya kuvuta: beringi imenasa ndani ya presha pleti na inavuta vidole kuelekea giaboksi. Foku inayosogeza beringi hiyo ni tofauti, kengele ya giaboksi (ganda la mbele linalofunika klachi) ni tofauti, na flaiwili pia ni tofauti. Kwa hiyo ukiletewa giaboksi ya gari lisilo na turbo, unaweza kuifunga kwenye injini yako, lakini flaiwili, presha pleti, pleti ya klachi na beringi vyote vifuate giaboksi, visifuate injini. Kuchanganya hapa hakuna ufundi utakaokuokoa.

Hii ya kuvuta ina siri yake wakati wa kushusha. Nimeona watu wananing'inia kwenye giaboksi na pinchi baa, boliti zote zimetoka, na haiachii. Inashikwa na beringi. Kwenye kengele kuna plagi ya kufunguliwa kwa alenki ya milimita 10; ifungue, ingiza boliti ya milimita 6 kwenye shafti ya foku iliyomo ndani, uivute itoke. Kisha inua foku iachane na masikio ya beringi. Giaboksi itarudi nyuma yenyewe, beringi ikibaki kwenye presha pleti.

Kabla ya kufunga chochote, chukua pleti ya klachi uiteleze kwa mkono kwenye shafti ya giaboksi. Ikikwama au ikicheza, meno hayaendani. Upande wenye springi unatazama giaboksi.

Kwenye pedali, watu hupachika klachi masta (silinda ya juu inayosukuma mafuta) yoyote inayoingia kwenye tundu. Soma namba ubavuni. Silinda nyingi za Kijapani zimeandikwa kipenyo kwa inchi. Masta ya 5/8 ikisukuma silinda ya chini ya 13/16, pistoni ya juu ikienda milimita 30, ya chini inatoka kama 17.8. Weka masta ya 3/4, mwendo uleule unatoa kama 25.6. Wengine hufurahi kwamba klachi inakata haraka, ilhali pedali imekuwa nzito kwa asilimia 44 na vidole vya presha pleti vinapelekwa mbali kuliko vilivyotengenezewa. Mimi hununua za juu na chini kutoka gari moja, basi.

Propela shafti ya mbele na krosimemba navyo ni vya manyuo. Waya wa stata uliokuwa ukisubiri P au N unaunganishwa, la sivyo gari haliwaki.

Mwisho, soma uwiano wa meno ya difu. Kuna otomatiki za turbo zenye 4.44, na giaboksi za manyuo zenye 4.11. Ukiacha 4.44 nyuma na 4.11 mbele, difu ya katikati inazunguka muda wote hata barabara ikiwa imenyooka, inachemka, inakufa. Difu ya nyuma inunuliwe siku ileile na giaboksi, ikiwezekana itoke gari lilelile.