Leseni za programu za teminali: yanayosemwa maofisini na yaliyo kweli

Katika ofisi nyingi za Unguja na Pemba, programu inayofungua dirisha jeusi lenye maandishi ndiyo ya mwanzo kulaumiwa mambo yanapokwama. Mkata tiketi za ndege Mjini, karani wa benki Chake Chake, fundi wa mtandao anayepanga ruta za hoteli Nungwi au Paje, wote wakiona maneno ya kukataliwa husema "leseni imekwisha." Mara nyingi haijakwisha. Pengine haikuhitajika tokea mwanzo.

Kazi ya programu hizi ni kuigiza mashine za zamani. Kulikuwa na teminali za kweli, kioo na kibodi, kama IBM 3270 ya mwaka 1971 au VT100 iliyotolewa na Digital Equipment Corporation mwaka 1978, na mtu alikaa mbele yake akiiandikia kompyuta kubwa iliyowekwa chumba chengine. Mashine zile zimeondoka, lakini namna zao za kuzungumza zimebaki, na ndizo laptopu inazoziiga leo. Kwa hivyo kuna pande mbili: leseni ya programu iliyo mbele yako, na ruhusa za mashine unayoifikia. Ukizichanganya hizo mbili, unaweza kulipia kitu kizima na kile kibovu kikabaki vile vile.

"PuTTY ni ya majaribio, iko siku watatudai"

Hawatakudai. PuTTY, programu ya teminali iliyoanzishwa na Simon Tatham wa Uingereza, inatolewa kwa leseni ya MIT, ambayo inaruhusu matumizi ya nyumbani, ofisini na hata ya biashara, bila ya malipo na bila ya kikomo cha siku. Sharti lake kuu ni kwamba ukiisambaza usiyafute maelezo ya hakimiliki. Tera Term, programu nyengine ya aina hiyo, iko chini ya leseni huria ya aina ya BSD, nayo haidai kitu. Na tokea toleo la 1809 la Windows 10, amri ya ssh, ya kuingilia mashine ya mbali kwa usalama, imo ndani ya Windows yenyewe: unafungua dirisha la amri, unaandika, unaingia. Hata ile IBM 3270 ina programu huria ya kuiigiza, x3270, pamoja na ndugu yake wa Windows, wc3270.

Nimeona ofisi zikipanga bajeti ya leseni ishirini kwa watu ambao kazi yao yote ni kuingia kwenye ruta mara moja kwa mwezi. Huko ni kutupa pesa. Programu za kulipia zina nafasi yake: kampuni inayohitaji vitufe vya kazi vipangwe kwa namna moja kwa makarani wote, uchapishaji wa moja kwa moja kutoka kompyuta kubwa, au mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Nje ya hapo, mwenye kukuuzia na akueleze kwa nini.

"Ya bure ni ya bure, popote"

Hapa kosa linageuka upande wa pili. Xshell hutolewa bure kwa nyumbani na skuli, na hoteli si nyumbani hata kama meneja analala humo humo. MobaXterm ya bure nayo ina mipaka ndani yake: huweka sesheni 12 tu, yaani mashine 12 ulizozihifadhi ili uziingie. Mtu akifika ya kumi na tatu ikamkatalia, anakimbilia kusema programu imeharibika, kumbe imefanya kile kile ilichosema itafanya. Kabla ya kuisambaza programu ofisi nzima, soma maelezo ya leseni pale panapotaja nani anaruhusiwa kuitumia. Ni aya moja au mbili, hazimalizi kikombe cha chai.

"Muda wa leseni ukipita, programu inakufa"

Inategemea ulichonunua. Leseni ya kila mwaka hufunga mlango siku yake ikifika. Lakini programu nyingi za teminali huuzwa kwa namna nyengine: haki ya kutumia ni ya kudumu, na kinachokwisha baada ya miezi 12 ni haki ya kupata matoleo mapya. Leseni ya kulipia ya MobaXterm ni ya namna hiyo.

Balaa huja pale kompyuta inapofomatiwa. Fundi anakwenda kwenye tovuti, anapakua toleo jipya kabisa, anaingiza ufunguo wa mwaka juzi, anakataliwa. Basi ripoti inaandikwa kwamba leseni imekufa na inunuliwe nyengine. Dawa ni kuweka toleo lililotoka ndani ya muda wako wa matoleo mapya, na ufunguo ule ule utafanya kazi. Kwa sababu hiyo faili la kusakinishia lihifadhiwe pamoja na risiti, usitegemee kulikuta kwenye tovuti baada ya miaka mitatu.

Ufunguo ukikataliwa na toleo ni sahihi, angalia mambo madogo madogo. Herufi O na sifuri. Nafasi tupu iliyonakiliwa mwishoni. Kama leseni imekuja kwa faili la .lic, Windows kwa kawaida huficha mwisho wa jina, kwa hivyo ukilifungua na kulihifadhi upya linaweza kugeuka .lic.txt bila ya wewe kuona, na programu ikapita pembeni yake. Halafu angalia umeingia kwa jina la nani. Baadhi ya programu huandika leseni kwenye eneo la mtumiaji aliyeingia wakati ule. Fundi akiiwasha kwa akaunti yake, karani kesho asubuhi ataambiwa hana leseni, na wote wawili wanasema kweli.

"Tumenunua leseni kumi, ni kompyuta kumi"

Huenda ikawa hivyo, huenda isiwe. Leseni inaweza kuwa ya mashine, ya mtu aliyetajwa jina, au ya pamoja, yaani watu mia wanaweza kuwa nayo lakini kumi tu waitumie kwa wakati mmoja. Hii ya pamoja ndiyo yenye mitihani mingi, kwa sababu iko seva inayogawa, na kila anayefungua programu lazima aifikie.

Chukua shirika lenye seva ya leseni Mjini na tawi Wete. Kiungo kati ya visiwa kikikatika, tawi linaambiwa halina leseni, ingawa imelipiwa na iko hai. Hapo fundi huanza kucheza na programu ya karani, wakati alichotakiwa kukifanya mwanzo ni kuipingi seva, yaani kuangalia kama inajibu.

Seva nyingi za aina hii hutumia FlexNet, programu ya kugawa leseni, ambayo kwa kawaida husikiliza kwenye poti (mlango wa mtandao wenye namba) 27000 au zinazofuata, hadi 27009. Fundi anaifungua poti hiyo kwenye ukuta wa moto (firewall), mambo yanakwenda, anapewa shukurani. Baada ya wiki umeme unakatika, seva inawaka upya, na tawi zima limekwama. Sababu ni kwamba mna vipande viwili ndani yake: msimamizi mkuu, na mtumishi wa kampuni iliyouza programu. Huyu wa pili, asipopangiwa poti ndani ya faili la leseni, hujichagulia yoyote kila anapowaka. Mpangie namba moja, uifungue nayo, na hadithi imekwisha.

Faili hilo la leseni pia hufungwa na utambulisho wa seva, mara nyingi anwani ya MAC, namba inayoitambulisha kadi ya mtandao. Ukibadilisha kadi, au ukahamishia seva kwenye mashine nyengine, leseni haikutambui. Huhitaji kununua tena. Unaomba faili jipya kwa anwani mpya, na kampuni nyingi hutoa ukionyesha risiti.

"Rudisha tarehe nyuma, majaribio yanaanza upya"

Ujanja huu ni mkongwe na ulishajulikana. Programu nyingi huandika mahali fulani tarehe ya mwisho zilipofunguliwa, zikikuta leo iko nyuma ya jana zinajifunga. Baya zaidi ni yanayofuata: tovuti zenye vyeti vya usalama zinaanza kukataa kufunguka, na kwenye ofisi zenye seva ya Windows, kuingia kwa jina na nywila kunagoma, kwani Kerberos, utaratibu unaohakiki anayeingia, kwa kawaida huvumilia tofauti ya dakika 5 tu. Mtu alitaka kuokoa programu moja, sasa hana hata barua pepe.

Lakini wapo wanaopatwa na haya haya bila ya ujanja wowote. Huku kwetu tuna desturi ya kuchomoa kompyuta ukutani kila jioni kwa kuogopa umeme utakavyorudi, na ni desturi nzuri. Ila mashine iliyochomolewa huweka saa yake kwa betri ndogo ya mviringo iliyomo kwenye ubao mkuu, mara nyingi CR2032, na betri hiyo humalizika mapema zaidi kuliko kwenye mashine inayobaki na umeme. Ikifa, kompyuta huamka ikidhani iko mwaka ambao programu haijatengenezwa. Leseni inasema haijaanza, au inasema umechezea saa. Badilisha betri, weka tarehe, fungua tena. Ukiona kompyuta inarudi miaka nyuma kila asubuhi, usimtafute muuzaji.

"Imekataa, basi ni leseni"

Soma maneno yaliyoandikwa. Kukataliwa kuna aina nyingi, na zaidi ya nusu ya simu ninazopigiwa hazihusiani na leseni.

Ruta nyingi za kampuni ya Cisco zimepangwa na njia tano za kuingilia kwa mbali. Mafundi watano wakiacha madirisha wazi wakaenda kula, wa sita hukataliwa, hata awe na programu ya bei gani. Kifaa cha zamani kinachotumia taratibu za usalama zilizopitwa na wakati nacho hukataliwa na programu mpya. OpenSSH 8.8 ya mwaka 2021, kwa mfano, programu huria ya ssh, iliacha kuzikubali kwa kawaida saini za RSA zinazotumia SHA-1, njia ya zamani ya kuthibitisha utambulisho. Programu ya zamani inaingia, mpya haiingii, na watu wanasema "mpya inataka kulipiwa."

Kuna na hili la kebo. Fundi anayechomeka kebo ya USB kwenda kwenye poti ya kifaa akapata herufi za ajabu, hajakutana na toleo la majaribio: kasi haikulingana. Cisco kwa kawaida ni biti 9600 kwa sekunde, vifaa vingi vya mtandao vya MikroTik ni 115200. Na kama kebo yenyewe haionekani kabisa, huenda chipu yake ni ya bandia. Draiva za Prolific, watengenezaji wa chipu ya PL2303 ya kebo hizi, huzikataa zile za kughushi, na mwaka 2014 draiva ya FTDI, watengenezaji wengine wa chipu, iliyokuja kupitia masasisho ya Windows ilizizima chipu bandia moja kwa moja. Kebo rahisi ya dukani inaweza kukumalizia siku nzima ukiitafuta leseni isiyopotea.

La mwisho katika fungu hili ni jina. Huduma ya Windows ya kuingia seva kwa mbali iliitwa kwa jina la teminali mpaka 2009, na mazoea hayajafa. Huduma hiyo ina leseni zake, na hutoa muhula wa siku 120 baada ya kusakinishwa. Ukipita, watumiaji wanafungiwa nje, isipokuwa wasimamizi wawili. Hilo haliihusu PuTTY wala ndugu zake, ni suala la seva.

"Zanzibar nani atakufuata, weka ya kukraki"

Ya kukraki ni ile iliyovunjwa kufuli la leseni. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, mbali na ile ya Bara ya 1999. Lakini tuiweke sheria pembeni, kwani kuna sababu iliyo karibu zaidi. Programu ya teminali ndiyo unayoiandikia nywila za seva na ruta zako zote. Mwaka 2015 Symantec, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilieleza habari ya PuTTY iliyochezewa, ikisambazwa nje ya tovuti rasmi na kuiba taarifa za watu za kuingilia. Aliyeipakua hakuona tofauti, iliunganisha vizuri tu. Mwaka 2017 Kaspersky, kampuni nyengine kama hiyo, iligundua mlango wa siri ndani ya programu za NetSarang, watengenezaji wa Xshell, tena kwenye matoleo rasmi. Ikiwa cha dukani kwake mwenyewe kiliweza kutiwa sumu, kile kilichopita mikononi mwa watu usiowajua unakiamini kwa lipi? Na ajabu yake, wengi wanaokraki wanahitaji ssh tu, ambayo tayari imo ndani ya kompyuta yao.

"Kampuni imeuzwa, leseni yetu imepotea"

Attachmate, watengenezaji wa programu ya teminali ya Reflection, waliingia Micro Focus mwaka 2014, Micro Focus ikachukuliwa na OpenText mwaka 2023, na mwaka 2024 Reflection ikahamia Rocket Software. Leseni haifi kwa mwenye duka kubadilika. Kinachobadilika ni tovuti ya kuingilia na mtu wa kumwandikia. Utaulizwa namba ya ununuzi na barua pepe iliyosajiliwa. Na hapo ndipo ofisi nyingi zinapokwama, kwani leseni ilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya fundi ambaye siku hizi yuko Muscat na simu haipokei. Sajili kwa anwani ya ofisi, inayosomwa na zaidi ya mtu mmoja, na risiti iwekwe pamoja na faili la kusakinishia.